Mvua Haiulizi Omena ni ya Nani

Mama,

Nimerudi Gatwekera salama. Mlango bado unagoma kufunguka mvua ikinyesha, na paa linavuja palepale juu ya kitanda chako. Kilichobadilika ni meza yako ya kuuzia omena. Iko tupu tangu tukuzike. Mama mdogo Atieno amepata mtu wa chipsi anayeitaka, na ananingoja mimi niseme ndiyo. Anasema aliyepanda ndege hawezi kurudi kunuka samaki.

Basi ngoja nikupe habari za Japani, ile safari ya vijana wa kanisa uliyoniombea hadi magoti yakakuuma. Siku moja mwenyeji wangu, mama mmoja anayeitwa Haruko, alinitembeza kwa gari lake dogo kwenye miji ya zamani iliyo kando ya bahari. Usukani uko kulia kama kwetu. Tuliona maghala ya wafanyabiashara wa kale, kuta nyeupe pe, na nyumba za mbao zilizojengwa kabla babu wa babu hajazaliwa. Nyumba moja tuliambiwa tuvue viatu. Mama, soksi yangu ilikuwa na tundu, kidole gumba kiko nje kinasalimia watu! Nilikusikia kabisa ukicheka.

Mji wa tatu ndio ninaotaka uujue. Tulikuwa tukipanda ngazi za mawe kwenda hekaluni, nikanusa omena. Nikajiambia ni hamu yako tu. Kumbe chini ya ngazi, uani kwa mtu, samaki wadogo walikuwa wameanikwa kwenye mikeka, wanang'aa vilevile kama wetu. Mara wingu likatanda, matone yakaanza. Watalii wakafungua miavuli. Mimi nikashuka mbio.

Sikufikiri, Mama. Nilisikia tu sauti yako: "Akinyi, toka! Mvua haiulizi omena ni ya nani." Mara ngapi tuliacha ugali jikoni tukaokoe gunia la mtu ambaye hata hatusalimiani naye? Nikapiga magoti, nikaanza kukunja mkeka wa wenyewe. Bibi mkongwe akatoka nyumbani akifoka. Nikawaza, leo nitashikwa kama mwizi ng'ambo. Halafu akaitazama mikono yangu, inavyokusanya kutoka pembeni kuja katikati ili vichwa visikatike, kama ulivyonifundisha. Akashika upande wa pili wa mkeka.

Tuliingiza yote ndani. Haruko alitukuta tumelowa chapachapa, tunacheka, na hakuna anayejua mwenzake anasema nini. Hapo ndipo nilipolia, Mama. Kile kilio kilichonikatalia siku ya mazishi kilinijia jikoni kwa watu. Bibi alinipa chai na samaki kiganjani. Walikuwa na chumvi nyingi. Wako ni watamu zaidi, na sisemi hivyo kwa sababu umekufa.

Hekalu sikuliona tena. Tulirudi garini nikinuka samaki, Haruko akafungua dirisha kidogo, na mimi nikakaa nimenyoosha shingo kama mke wa chifu.

Mama mdogo nimeshamjibu: meza haitoki. Amenuna, lakini ameniletea beseni lako, amelisugua mpaka linang'aa. Kesho alfajiri naenda soko la Gikomba kuchukua gunia la kwanza la omena.

Lala sasa, Mama. Wingu likitanda Gatwekera, usishtuke. Nitatoka mbio, na nitaanza na ya jirani.

Mwanao,
Akinyi