Semina ya Utumishi Ilipoangukia Jumamosi

Shangazi wangu wa gazetini,

Kabla hujaniona mtu wa ajabu naomba unisome mpaka mwisho, maana rafiki zangu nikianza kuwaeleza wananikatiza katikati na kusema tuombe, na nikisema sitaki kuombewa nataka kusikilizwa wanatazamana, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe ambaye huna namna ya kunishika mkono na kufumba macho.

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasomea uchumi, na ni katibu wa huduma katika jumuiya yetu ya wanafunzi Wakristo. Huduma maana yake ni kwamba kila Jumamosi asubuhi tunakwenda wodi ya wazee katika hospitali iliyo nyuma ya chuo, kwa sababu wauguzi ni wachache na wazee wengi hawana ndugu wa kuja saa ya kula, basi sisi tunawalisha, tunawachana nywele, tunabadilisha mashuka na kusugua mabeseni. Mwanzoni tulikuwa wengi na tukapiga picha za kutosha, halafu watu wakaanza kupungua, huyu ana mtihani, huyu kaitwa na kwaya, mpaka tukabaki mimi na kaka mmoja wa uhandisi tunayemwita Bisibisi, kwa kuwa hawezi kuona bomba linavuja akapita.

Wodini kuna bibi wa kitanda cha dirishani, amepooza upande mmoja ila ulimi wake mzima kabisa. Siku ya kwanza nilimuuliza kama naweza kumwombea, akasema, "Uji kwanza, mjukuu. Mungu hana haraka, mimi nina njaa." Tangu hapo namwombea kimoyomoyo huku napuliza kijiko, na nakwambia kweli Shangazi, sijawahi kumsikia Mungu karibu kama pale, wakati Alhamisi kwenye ibada yetu nikishika kipaza sauti nasikia maneno yananitoka kama natangaza mnada, watu wanaitikia amina na mimi nawaza mashuka. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwamba imani yangu ina kasoro.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwezi uliopita jumuiya ikaandaa semina kubwa ya viongozi, somo lenyewe Moyo wa Utumishi, ikawekwa Jumamosi asubuhi, nikapangwa mimi nifundishe jinsi ya kuhudumia wagonjwa, nikakubali, na kila aliyewahi kukanyaga wodini akaambiwa awe ukumbini, hata Bisibisi akakabidhiwa projekta. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka! Nikasimama mbele naonyesha jinsi ya kumkalisha mgonjwa wima asije akapaliwa, watu wanaandika, wanapiga makofi, na muda huo huo wodini hakuna mtu. Jioni nikapita hospitali bado nina beji kifuani, muuguzi wa zamu akaniambia yule bibi alijifunga kitambaa shingoni mwenyewe kwa ule mkono mmoja tangu asubuhi, na mfagizi alipojaribu kumlisha akakataa, akasema mjukuu wangu anakuja, uji ukapoa, ukaondolewa, akageukia ukuta na hakula tena siku ile.

Nilimwendea mchungaji mlezi wetu nikilia, akanipigapiga begani akasema, "Usijilaumu, binti, ulikuwa katika kazi ya Mungu." Shangazi, nilitamani kupiga ukunga.

Na kama hiyo haitoshi, semina ilisifiwa mno, sasa wananitaka niwe mwenyekiti wa muungano wa jumuiya zote za vyuo, na kamati ya mwenyekiti inakutana lini? Jumamosi asubuhi. Viongozi wamefunga kwa ajili yangu, dada mmoja wa kwaya ameota nimevaa nyeupe nimesimama mlimani, mama yangu kapata habari sijui kwa nani na ameshatangaza kanisani kwetu, baba ambaye hana kawaida ya kupiga simu amenipigia akasema, "Sasa umekuwa mtu." Mabango yameshabandikwa, yana picha yangu nimeshika kijiko mbele ya yule bibi, na anayeyabandika ni Bisibisi, ndiyo kazi aliyopewa kila Jumamosi, anaifanya lakini hanichekei tena. Mimi nimefunga, nimeomba ishara mpaka tumbo linaniuma, na ishara sijaiona. Wodini sijarudi tangu siku ile, nitamtazamaje bibi usoni?

Nikikubali najiona mwongo, nikikataa nitakuwa nimemkatalia Mungu na kumwaibisha mama mbele za watu. Uchaguzi ni wiki ijayo. Je, imani yangu imekufa? Na hicho kiti nikichukue au nikiache?

Katibu Aliyechoka

SHANGAZI ANAJIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilivaa miwani nihakikishe kwamba sikuruka mstari, maana kuna jambo nililitafuta na sikuliona, nitalifikia.

Tuanze na imani, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi na ndiyo nyepesi. Haijafa. Unamsikia Mungu ukiwa na kijiko na humsikii ukiwa na kipaza sauti, basi umeshajua unamsikia wapi, na wapo watu wazima wanaofika uzeeni hawajajua. Dada wa kwaya labda anamsikia kwenye kwaya, mwache huko. Acha kujichunguza kama mtu anayepima homa kila baada ya dakika.

Sasa hicho kiti. Mmefunga, mmeomba, mmeota milima na nguo nyeupe. Naomba kuuliza: kuna hata mmoja wenu, katika wasomi wote hao, aliyeuliza kama kikao kinaweza kuhamia Jumapili jioni? Hakuna! Nimeitafuta sentensi hiyo kwenye barua yako nikaikosa. Mnamsumbua Mwenyezi Mungu kwa jambo la kupiga simu. Kesho mwendee huyo anayepanga vikao umwambie, "Nitagombea kikao kikihama. Kisipohama, tafuteni mwingine." Useme hivyo tu, bila machozi na bila kusoma aya. Wakikubali, gombea kwa moyo mweupe, maana sioni ubaya jumuiya ikiongozwa na mtu anayejua kusugua beseni. Wakikwambia Jumamosi haiguswi, mwanangu, ishara si ndiyo hiyo umeipata?

Mama mpigie wewe, asisikie kwa jirani. Mwambie, "Mama, ulitangaza mapema." Atanuna siku chache, atasema umemvunjia heshima, kisha atakuuliza kama umekula. Baba naye umwambie ulikuwa mtu hata kabla ya mabango.

Mchungaji wenu sitaki kumsema vibaya, nadhani alitaka kukutuliza. Lakini rudi kwake umwambie kwa adabu zote kwamba kazi ya Mungu siku ile ilikuwa imejifunga kitambaa shingoni na kungoja, na nyinyi mlikuwa ukumbini mkiisomea. Semina nyingine iwekwe siku yoyote muda wowote, ila isiwekwe Jumamosi asubuhi tena. Hilo ni jukumu lako kama katibu, na kwa kweli lilikuwa jukumu lako tangu mwanzo. Hapo sikubembelezi.

Mabango yabanduliwe leo. Ulimwomba huyo bibi ruhusa? Mtu ameshinda na njaa kwa sababu yenu, halafu sura yake iko ukutani inawatafutia kura! Nilipofika hapo niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Na huyo Bisibisi wako hajakasirika bila sababu. Mwondoe kwenye gundi, umrudishe kwenye mabomba.

Nimefika kwenye lile jambo. Umeniandikia habari za Mungu, za mama, za kiti, za tumbo lako linalouma. Hujaniandikia ni nani anayemlisha yule bibi sasa. Wewe huendi kwa sababu unaona aibu. Bisibisi yuko juu ya ngazi na picha zako. Mfagizi alishakataliwa. Kwa hiyo wodini yuko nani? Wiki zote hizi umekuwa ukiuliza kama umemkosea Mungu, na wakati huo aibu yako inamlaza mzee na njaa. Aibu ya namna hiyo usiiite unyenyekevu mbele yangu, ni kujipenda tu.

Sikuandikii haya kwa sababu nakuona mbaya. Mtu mbaya asingelia kwa mchungaji, angefurahia makofi. Nimekasirika kwa sababu umeshajua la kufanya tangu ulipotoka pale hospitali na beji yako, na badala ya kulifanya umekaa unafunga.

Jumamosi hii nenda. Usipeleke hotuba, wala usimwangukie kifuani ukalia mpaka yeye aanze kukubembeleza. Mwambie, "Bibi, sikuja, nisamehe," halafu nawa mikono umlishe. Akikutukana, mlishe akiwa anatukana. Akigeukia ukuta, kaa hapo hapo kwenye kiti mpaka ageuke, na siku hiyo asipogeuka, badilisha mashuka ya jirani yake ili akusikie kwamba upo.

Tena ngoja, kwa nini na mimi nasema Jumamosi? Wazee wanakula kila siku. Kunja gazeti uende sasa hivi.