Jirani Aliyefuata Mlio wa Pembe

OFISI YA SHERIFU, LOS ENCINOS, TEXAS
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Delbert Krause. Umri: miaka 63. Kazi: fundi wa kuchomelea vyuma. Makazi: nje kidogo ya Los Encinos.

Nimekuja hapa kwa magongo, kwa hiari yangu, na hakuna aliyenituma.

Mnamo tarehe 14 Desemba 2019, saa moja na robo asubuhi, nilikuwa shambani kwangu ukingoni mwa korongo, nikigonganisha pembe mbili kavu. Ndio msimu wa kulungu kupandana. Dume akisikia mlio huo hudhani wenzake wanapigania jike, anakuja mbio. Ukingo ukamomonyoka. Nilianguka hadi chini, nikavunjika mguu na mbavu. Nikitaka kupiga kelele, sauti haitoki. Bunduki ilibaki juu, simu haikushika mtandao. Pembe nilikuwa nazo, zimefungwa kamba shingoni.

Basi nikazigonganisha. Nikachoka, nikapumzika, nikaanza tena. Niliogopa kufa, sioni haya kusema.

Saa nne hivi vichaka vilitikisika. Niliona mtutu wa bunduki, na nyuma yake Ignacio Cantú, jirani yangu, ambaye hapa tunamwita Nacho. Tulikuwa hatujasalimiana miaka sita kwa ugomvi wa mpaka. Nikapunga kofia.

Akasema, "Mungu wangu, Delbert! Kidole kilishakuwa kwenye kifyatulio! Nimeruka waya wako nije nikuibie dume, kumbe ni wewe, mzee mkorofi!"

Nikamwambia, "Basi beba ulichopata, Nacho."

Alicheka, akanivika koti lake, akanibeba mgongoni karibu kilomita mbili hadi barabarani. Mgongo wenyewe mbovu, kila mtu hapa anajua. Daktari aliniambia damu ilikuwa inavujia ndani. Ningechelewa saa moja zaidi, nisingekuwa hapa.

Sasa nasikia, kwa kuwa alieleza mwenyewe alivyonipata, ameshtakiwa kwa kuingia shamba la mtu na bunduki, na huenda akafungwa. Naibu Sherifu ameniuliza kama alikuwa na ruhusa yangu. Sidanganyi: alikuja kuiba, amesema mwenyewe. Lakini kwa muda wa karibu saa tatu nilikuwa namwita yeyote mwenye masikio, na aliyeitika ni yeye. Mtu umemwita, akaja, utamwitaje mwizi? Nitamshukuru Nacho maisha yangu yote.

Niliyoyasema ni hayo, nimesomewa, na ni kweli tupu.

Sahihi: D. Krause
3 Januari 2020

Maelezo ya ofisa: Yameandikwa nami, Naibu Sherifu L. Saenz. Shahidi amekataa kufungua malalamiko. Aliyemleta kituoni ni Bw. Cantú, ambaye anamsubiri nje ndani ya gari.