Mstari wa Kwanza ni wa Jirani

Kwako Mama, uliyenipata kwa ndoa ukanilea kama wa tumbo lako,

Baridi ya Julai imefika, ile ya kutufanya tunywe chai mpaka sufuria ichoke. Mahindi ya shamba la juu yametoa mbelewele. Mvua ya mawe ilipita ng'ambo ya barabara ikaumiza wenzetu kidogo, sisi ikatuacha. Naanza na mahindi kwa sababu nakujua. Ungeniuliza mahindi kwanza, kisha ng'ombe, halafu ndio ukumbuke kwamba mwanao Kiprono, mume wangu, na wajukuu wako wapo, wazima, na wanakula kama jeshi.

Nakuandikia nikiwa msituni kwako. Barua hii nimeamua isomwe na yeyote, kwa hivyo wasiokujua wavumilie nikiwaeleza. Msitu wenyewe ni ekari mbili tu hapa Kapseret, miti ya asili yenye kijito chini yake, ambayo wewe ulikataa katakata kuikata wakati kila jirani alikuwa akisafisha shamba lake mpaka ukingoni. Watu wakaanza kuja kuomba hapa. Mmoja, wawili, kisha makanisa tofauti tofauti, wakulima wa hapa na wafanyakazi wa mjini waliotoka upande wa ziwa kama baba yangu. Hukuweka bango. Hukujenga hata choo cha maana, na hiyo nitakulaumu mpaka tuonane.

Unakumbuka nilivyokuja? Msichana wa Kijaluo aliyekulia mjini Eldoret, viatu vyeupe, msimu wa matope! Niliongea kutoka getini hadi jikoni bila kituo, kwa woga tu. Ukanitazama, ukanipa kigoda, ukasema, "Sasa wewe, unapumua saa ngapi?" Kiprono akataka ardhi immeze. Mimi nikacheka, na wewe ukacheka, na siku hiyo nikajua nitakaa. Baadaye ndio ukaniuliza jina langu lina maana gani. Nikakwambia Akoth ni mtoto wa mvua. Ukasema kumbe hata jina lako wewe, kwa lugha ya kwenu, ni la mvua. Sikuthubutu kulitamka mbele yako, na hata hapa sitalitamka. Adabu ulinifunza mwenyewe.

Msitu huu ndio ulionifundisha miezi ya huku. Mjini tulikuwa na misimu miwili tu, ya vumbi na ya matope. Kwako kila kipindi kilikuwa na mkutano wake. Kiangazi cha Januari tulikuja na mapanga na majembe, tukafyeka ukanda wa kuzuia moto na kuzoa majani kwenye chemchemi, halafu tukaomba tukiwa tumechoka, jasho linatiririka. Wakati wa baridi tulikuja na blanketi na uji. Krismasi walikuja wale wa mbali, na watoto wao wanaoogopa siafu. Lakini mkutano wa wote ulikuwa ule wa Machi, kabla ya kupanda.

Nieleze hapo, maana ndipo kila kitu kilipogeukia. Kila mtu anakuja na kikombe kimoja cha mbegu. Anampa mtu mwingine, asiwe wa nyumba yake, na yule naye anampa yake. Ukifika kwako, mstari wa kwanza wa shamba unaupanda mbegu ya mwenzako. Unaupalilia, unaulinda dhidi ya tumbili, na mavuno yakifika unamletea hindi moja hapa hapa, umwambie lilivyokua. Mwaka wangu wa kwanza nilikuuliza maana yake ni nini. Ukasema, "Ni ngumu kumchukia mtu ambaye unampalilia." Basi. Hukuongeza neno. Nimeishi hapa misimu ya kampeni kadhaa, Mama, watu wakianza kuhesabiana makabila na kusalimiana nusu nusu, na nimeona mstari huo mmoja ukifanya kazi ambayo mahubiri marefu yalishindwa.

Na ile Oktoba ya maombi mawili, haki ya Mungu! Mzee Barno, jirani yetu, mahindi yake yalikuwa shambani yamekauka tayari kuvunwa, anataka jua tu. Mwalimu Wekesa, aliyechelewa kupanda viazi, anataka mvua. Wakati huo tulikuwa bado tunaomba kwa sauti. Mzee Barno akasimama huku, "Baba, funga mbingu!" Tukaitikia amina. Mwalimu naye kule, "Baba, fungua mbingu!" Amina. Wakapandisha sauti. Funga! Fungua! Sisi kati hapo amina, amina, kama watu wasio na akili. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa, nikajificha nyuma ya shuka la mtoto. Ukainuka polepole, ukafunga kitambaa chako vizuri, ukasema, "Mungu ana kazi na nyinyi. Nyamazeni, kila mtu amwambie yake kimoyomoyo." Kuanzia siku hiyo hapa kunaombwa kimya. Jioni yakanyesha manyunyu, kidogo hivi, na kila mmoja wao akaenda nyumbani akisema ameshinda.

Wageni hudhani ulipata wazo hilo kwa maono. Huwa nawaacha waamini hivyo.

Kwangu kimya kilikuwa adhabu. Saa nzima bila kuongea, mimi! Lakini mwaka ule nilipopoteza ujauzito, nyumbani kila mtu alikuwa na neno la kuniambia, na kila neno lilinichoma. Wewe ulinishika mkono ukanileta hapa tukakaa. Hukuniambia Mungu anajua. Hukuniambia nitapata mwingine. Ulikaa tu na mimi, ukinimenyea chungwa. Hapo ndipo nilipoacha kuwa mgeni kwenu, Mama. Sijawahi kukwambia, na iliniuma sana siku ya kukuzika kwamba sijakwambia.

Ulipozidiwa nilikuuliza nifanye nini na watu wako, maana walikuwa wakija kuniuliza mimi. Nilitarajia maneno mazito. Ukasema, "Wape chai kwanza." Ukalala. Ndio urithi ulioniachia, chai.

Sasa nikwambie yaliyofuata.

Baada ya mazishi, Kibet alitukalisha sebuleni. Kitinda mimba wako, mwenye nyumba nzuri kule mjini, Elgon View, mwenye gari ambalo hataki liguse matope. Akasema msitu ukatwe, tulime au tugawe ploti kama majirani. "Shemeji, ekari mbili za kufuga tumbili?" Nami nikamjibu kwamba tumbili angalau huja kutusalimia kila siku, wengine mpaka kuwe na matanga. Najua, najua. Ungenikanyaga mguu chini ya meza. Lakini sikusema uongo.

Kiprono alisema tutaona. Mwanao ni mtu mzuri, lakini "tutaona" yake imewahi kutulaza njaa. Mwishowe wakakubaliana watu waruhusiwe mkutano mmoja wa mwisho, ule wa Machi, kisha miti ianguke. Mimi ni mke wa mtu, nilikuja na sanduku. Sikuwa na mahali pa kusimama nikakataa. Nililia jikoni, nikapika chai nikilia, chai ikatoka mbaya, wakainywa.

Machi ikafika. Niliogopa watu hawatakuja kwa kuwa haupo. Yawa! Walikuja hadi wakakaa kwenye mizizi. Kutoka Turbo walikuja na lori la kubebea mahindi, wamesimama nyuma wakiimba mpaka getini, wakanyamaza walipoingia. Nikawapa chai kwanza. Tukakaa kimya.

Katikati ya kile kimya, Kibet akaingia na fundi wa miti, msumeno wa injini begani. Alidhani tumemaliza. Hakuna aliyemgeukia kwa ubaya, hakuna aliyesema lolote, na hata yeye alijua hapa huwezi kuanza hotuba wakati watu wanaomba. Fundi akavua kofia, akaweka msumeno chini, akakaa. Kibet akabaki amesimama na suti yake. Ndege ikapaa kutoka uwanja wa ndege wa hapa karibu, ikatupita juu na kelele zake, ikaenda. Alipoona bado tumetulia, naye akakaa, kwenye nyasi. Nilimchungulia, Mungu anisamehe. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika.

Kisha tukabadilishana mbegu. Mzee Barno akamwendea Kibet na kikombe chake. Kumbe tangu ulipougua hakuwa na mwenzake wa kubadilishana, maana mwenzake ulikuwa wewe.

"Chukua. Umekuja badala ya mama yako."

"Mzee, mimi sina shamba. Nakaa Elgon View."

"Una maua?"

"Yapo."

"Ng'oa."

Watu wakacheka, na mimi kwa sauti kuliko wote. Kibet akatazama kile kikombe. Angekataa, msumeno ungewashwa jioni hiyo, na nilijua hivyo. Akanyoosha mikono yote miwili akapokea, kama ulivyowafundisha wakiwa wadogo. Halafu akamwambia fundi, "Wewe nenda tu. Tutaongea baada ya mavuno."

Mama, aling'oa maua. Mahindi, kwenye mtaa ule wa mawe ya kupanga na nyasi za kukatwa na mashine! Mkewe hakumsemesha siku kadhaa, mlinzi wa geti akadhani bosi amefilisika. Simu zikaanza. "Shemeji, majani yana matundu." Nikamwambia ni viwavi, atie majivu katikati ya mche. "Shemeji, majivu natoa wapi, sisi tunatumia gesi?" Nikamtumia mfuko wa majivu ya jiko langu kwa mtu wa boda. Akapiga tena. "Shemeji, mmoja umelala." Uinue, usindilie udongo. Anapiga asubuhi kabla ya kazi, anapiga jioni. Mtu ambaye tangu niolewe hatujawahi kumaliza dakika tatu kwa simu!

Siku moja mwezi wa tano hakuuliza la mahindi.  Alisema, "Unajua kwa nini nilitaka ile miti iondoke? Nikifika pale namwona. Kila mahali namwona. Nilifikiri pakiwa peupe nitapumua." Nilikuwa na majibu mengi tayari, ya miezi, yamepangwa kama vikombe kwenye kabati. Niliyaacha huko huko. Nikamwambia mimi pia nakuona kila mahali, na ndiyo sababu huwa nakwenda. Tukalia wote wawili, yeye ofisini, mimi zizini na ng'ombe akinishangaa.

Nimemchukia Kibet miezi mingi, Mama, nami sikujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikulilia kuliko sisi sote.

Wiki iliyopita alikuja na mpimaji. Nilipoona ile miti yake ya kupimia nikajua msitu umekwisha. Wakazunguka nje ya msitu, wakaweka alama. Kiprono akafuata nyuma na mikono mgongoni, bila "tutaona" hata moja. Walipomaliza, Kibet alikuja jikoni, akakaa karibu na moto, akasema ekari hizo mbili zimetolewa kwenye mgao wao. Hazitakuwa zake, hazitakuwa za Kiprono, zitaandikwa kwa jina la wote wanaokuja kuomba, na kamati itachaguliwa, na mimi niwe ndani. Nikamuuliza mimi niwe kwenye kamati kama nani, kwa kuwa mimi ni wa kuolewa. Akasema, "Kama wewe. Hao watu wanakujua wewe."

Sikujibu, Mama. Mkumbushe Mungu aandike siku hiyo.

Akanywa chai, akaondoka, akafika getini akarudi. Alisimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, akaona haya kama mtoto. Akasema Oktoba atakuja na watoto wake wote watatu, si wa kupita, wakae wiki nzima ya kuvuna. "Hawajawahi kulala huku hata siku moja. Watalala wapi?"

Chumba chako hakijafunguliwa tangu tulipokuondoa. Kiprono hawezi, na mimi nilijifanya nimesahau ufunguo uko wapi. Nikamwambia watalala chumbani kwa kogo yao, kwa nyanya yao, kwingine wapi?

Leo asubuhi nimefungua. Nimefagia, nimetoa godoro juani, jua lenyewe la kubahatisha. Blanketi zako nimezifua zote na kuzianika kwenye ua. Kwa baridi hii hazitakauka kesho wala kesho kutwa, lakini Oktoba bado iko mbali na mimi sina haraka.

Lala salama, Mama. Kongoi, asante sana, kwa kunipa kigoda siku ile.

Mkaza mwana wako,
Akoth