Dawa ya Mama

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Nimekwenda tena dukani kwa Devendra kuchukua dawa ya mama. Haulizi cheti. Mwaka juzi mama alipotoka hospitali amebaki mifupa, daktari alimwandikia vidonge vya kurudisha mwili, na Devendra ndiye aliyetuuzia. Anamkumbuka vizuri. Ati mama hajambo, fundi? Anakula? Nikasema anakula kidogo. Nilikuwa naangalia mizani yake, siyo macho yake.

Mama yuko Masasi. Mzima! Anapalilia mikorosho, anabeba kuni. Vidonge nameza mimi. Nilianza na vile vilivyobaki vyake, sijaacha mpaka leo.

Nilipokuwa naondoka, Ranjanben, mkewe, akatoka nyuma na kopo la samli. Samli! Na foleni hizi za siku hizi! Akasema mgonjwa anataka mafuta, mpikie mama. Nikapokea kwa mikono miwili. Nimeila na wali, peke yangu, mke wangu Mboni akiwa bombani kuteka maji. Kisha nikaona aibu, lakini baada ya kumaliza.

Futi yangu ya kushonea inasema mkono umeongezeka. Oktoba ndiyo mashindano ya kujenga mwili, ukumbi wa Anatoglo. Mwaka huu napanda jukwaani, wanione hawa wanaoniita mshona vifungo.

Jumatano, 4 Agosti

Mazoezi uani kwa Awadhi, Mtaa wa Sikukuu. Chuma chetu ni ekseli ya lori na makopo yaliyojazwa saruji. Awadhi ni kuli wa bandarini, ndiye mkubwa wetu, na dawa za misuli za wenzangu zinatoka kwa mabaharia wake. Leo katuweka chini kama mgambo. Masharti: dawa inakwenda kwa kozi. Unatumia, unaacha, mwili unapumzika. Usichanganye vidonge na sindano. Sindano yako ni yako, ichemshe, usimwazime hata ndugu yako. Upimwe presha. Na kabla ya yote uonane na daktari.

Mmoja akauliza, wewe ulionana na daktari gani? Tukacheka wote, na Awadhi mwenyewe. Hakuna aliyekwenda. Utamwambia nini?

Kozi yangu ilikwisha kabla ya Ramadhani. Sikupumzika. Nilijaribu, mwili ukaanza kunywea, nikaona kama naibiwa. Nimemeza mwezi mtukufu wote, wakati wa daku, Mboni akinimiminia maji. Awadhi hajui. Mboni anadhani ni vidonge vya mgongo.

Jumapili, 15 Agosti

Kifua kinauma. Chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kama gololi. Shati likigusa naruka! Maisha yangu yote nimeshona blauzi za watu — leo nimejishonea shati pana, kitambaa kigumu, pasionekane kitu. Chandu, mwenye duka ninaloweka cherehani barazani kwake, akaniuliza hilo ni shati au hema.

Mgongo umejaa chunusi. Mboni alitaka kunisugua, nikamkaripia. Akachukua ndoo yake akaenda kukaa uani. Siku hizi hana raha. Sitara wa chumba cha pili wanamwita Mama Zuhura. Yule wa mbele Mama Hamisi. Mke wangu ni Mboni tu. Mwaka wa tatu huu tangu nimwoe.

Na mimi kitandani... hapana, sitaki kuandika. Nageukia ukutani. Basi.

Jumanne, 17 Agosti

Nimekwenda kumwuliza Devendra. Lakini mtu anaanzaje? Nikasema mama anaumwa kichwa. Akasema mlete tumpime presha. Nikasema nipime mimi kwanza, nione inavyokuwa, nikamweleze asiogope. Akanifunga ule mpira. Akapima. Akapima tena. Akasema fundi, hii presha siyo ya kijana. Nikasingizia kazi nyingi.

Nikasema tena, mama ametokwa na chunusi mgongoni. Akashangaa: mama? Umri ule? Hapo nikakwama. Kifua ningekielezaje? Na lile la tatu, la korodani kusinyaa — nimpe mama korodani! Ikabidi nimzue mjomba. Mjomba anakaa na mama, kaonja vidonge vyake, je, vina neno?

Devendra akaweka kalamu chini. Akasema mwanamume mzima hatakiwi kuvigusa. Mwili ukiona dawa inaufanyia kazi, wenyewe unaacha. Mbegu zinakauka. Kifua kinaota kama cha mwanamke. Ini, presha, moyo, vyote vinaumia. Aende hospitali, aseme ukweli wote, apimwe, waangalie namna ya kumwachisha. Wengi wanarudi sawa, lakini siyo upesi.

Akauliza mjomba ana mke? Nikasema anaye. Wana watoto? Nikasema sijui.

Sijui! Nimerudi kwenye cherehani nikashona mfuko mmoja mara mbili, nikaufumua.

Jumamosi, 21 Agosti

Sijaacha. Nitaacha baada ya Anatoglo. Nimeandika hivyo nikaona ninavyojidanganya hata humu ndani, ambamo hakuna anayesoma.

Dereva wa basi la kusini kaleta salamu: mama anakuja. Anakuja kwa ajili ya Mboni. Mboni aliposikia alifagia chumba mara mbili, akaniuliza kama mama amekasirika. Nikasema wewe pika tu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa. Nikaomba chai.

Ijumaa, 27 Agosti

Mama amefika. Kabeba mzigo wake mwenyewe, kanikatalia. Nilimwamkia, badala ya marahaba akanipiga mabega kwa kiganja: "Mwanangu! Umekuwa dume!" Akaita majirani waje waone. Sitara akaja, akacheka, akasema kweli.

Kisha akamgeukia Mboni, kwa upole kabisa, mama si mkali. Akasema mwanangu, mwili wa mumeo unauona mwenyewe, kasoro haiko huku. Usiogope, tutakutibu.

Mboni akasema ahsante mama. Akaangalia chini. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mabega yangu.

Mizizi imetoka kwenye khanga, ikachemshwa. Maji meusi, harufu imejaa ua mzima. Mboni akanywa bakuli zima bila kupumua. Hakufika mlangoni, katapika kizingitini.

Jumapili, 29 Agosti

Amekunywa tena, katapika tena. Nilimshikia kichwa. Akaniomba msamaha. Yeye! Kaniomba msamaha kwa kutonipa mtoto.

Nikamjibu "haya".

Ndiyo neno lililonitoka. Haya. Sijapata kujichukia hivi.

Jumatano, 1 Septemba

Mama alitaka kwenda kumsalimu Devendra, amshukuru kwa mwaka juzi. Nimemwambia amesafiri. Nikakimbilia mwenyewe dukani, vidonge vimekwisha — ndiyo, nimekwenda kuchukua vingine, niandike tu kama ilivyo.

Devendra akaniambia nimlete mama Jumamosi, au wao waje kumwona. Nikababaika. Nikasema mama amezidiwa, hawezi kuinuka, hawezi kuonana na watu.

Mjinga mimi! Nimezaliwa wapi? Mgonjwa akiwa na nafuu ndiyo watu wanachelewa. Ukisema amezidiwa hakuna atakayebaki nyumbani kwake. Ranjanben alishika mdomo. Akauliza tunakaa nyumba gani pale Magomeni, na Chandu, aliyekuwa amekuja kununua aspirini, akamwelekeza vizuri mpaka kwenye bomba. Nikatoka na vidonge mfukoni.

Mboni amekonda. Anashika ukuta akitembea. Mama anasema dawa inafanya kazi, inasafisha. Akiendelea hivi ataanguka, na mimi ndiye ninayejua hakuna cha kusafishwa. Nimwambie leo? Nimwambieje? Mboni, mimi ndiye? Maneno matatu tu, na mdomo unakuwa mzito. Chuma cha Awadhi nakiinua.

Jumapili, 5 Septemba

Wamekuja.

Naandika chumbani, pazia limeshuka. Niliwasikia kutoka kibarazani, nikaingia huku kama panya. Mwili wote huu, nimejificha nyuma ya pazia la maua.

Mama alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Ranjanben amebeba sufuria, wali na choroko vilivyopikwa pamoja laini, chakula cha mgonjwa. Nilisikia sufuria inawekwa chini. Halafu Devendra: "Shikamoo mama. Wewe... umeinuka?"

Mama akacheka. Akasema marahaba baba, niinuke kutoka wapi? Mimi sijalala tangu mwaka juzi, kwa dawa zako! Mgonjwa ni mkwe wangu, tumbo halishiki, karibuni ndani.

Devendra akauliza na vile vidonge, mama, humezi tena? Mama akasema vidonge gani? Vilikwisha zamani.

Ranjanben akasema kitu kwa Kigujarati, taratibu. Nilimngoja Devendra apige kelele, aseme mwanao mwizi, mwongo. Hakusema. Ingekuwa nafuu. Aliuliza tu Mboni anaumwa nini, na mama akamweleza yote: miaka mitatu, mizizi, kutapika. Devendra akasema mama, nakuomba, asinywe tena hiyo. Na kwanza apimwe mume.

"Mume? Huyu mwanangu? Baba, hujamwona mwili wake?"

Devendra akasema nimeuona. Akasema presha yake pia nimeipima mwenyewe. Kisha akauliza, "Fundi yuko wapi?"

Mboni alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Amesikia kila neno. Anajua vidonge vya mgongo viko kwenye mtoto wa meza hii ninayoandikia, chini ya vifungo. Ameniletea maji ya kuvimezea mara ngapi?

Ameingia. Hakufunua pazia kwa nguvu, kalisogeza tu kama siku zote. Ana bakuli la mizizi la leo mkononi, limejaa. Amekaa ukingoni mwa kitanda, magoti yake karibu na meza. Mashavu yamebonyea. Sijainua kichwa. Naandika ili nisiinue.

Huko nje Devendra ameita, "Fundi." Mara moja tu. Mama naye anaita, anauliza Mboni, umekwisha kunywa?

Mboni amelisogeza bakuli juu ya meza, polepole, lisimwagike, mpaka limegusa daftari, na sasa ananingoja mimi ninywe.