Kamba Juu ya Mishono

Jumatatu, 4 Agosti

Maji ya kuchemsha, yamepoa. Kitambaa safi. Nimepangusa kope polepole, nimepaka pomade ya dawa. Siku ya sita tangu operesheni. Sijamwambia mtu yeyote: ni mimi nimeharibu jicho langu.

Nilizaliwa kope la jicho la kulia limeanguka. Darasani niliinua kidevu ili nione ubao, wenzangu wakasema nina maringo. Mimi, ninayeogopa hata kuitwa jina! Daktari mgeni aliyekuja hapa Butembo alipitisha uzi chini ya ngozi, akalitundika kope kwenye msuli wa paji la uso. Akakataza kuinama, kusugua, kubeba kitu kichwani.

Jana shangazi Kavira alifika kutoka Kipese na viazi. Tukaenda kuvichukua barabarani. Kwetu mwanamke anabeba mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso. Nilisita.

"Munganga alikataza kichwa, Masika. Hii ni mugongo. Ao diplome ilikufundisha uvivu?"

Shangazi akacheka. Sikuweza kukataa. Kamba ilikaa juu ya mishono kabisa. Kwenye mlima nilisikia kitu kikikatika ndani.

Kope limeshuka.

Jumanne, 5 Agosti

Mama anasema ni uvimbe tu. Nimekubali. Mwongo mkubwa mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Juu ya nyusi pamevimba, pana joto. Usaha unatoka kwenye tundu la mshono. Shangazi ameleta maziwa ya jirani anayenyonyesha, kwenye kikombe, ya kudondoshea jichoni. "Batoto ba kwetu bote baliponaka na hii." Nimetikisa kichwa, nimekimbilia chumbani.

Kesho kutwa daktari anaenda Beni, apande ndege uwanja wa Mavivi, arudi kwao. Nikinyamaza, nimekwisha. Nikisema, nitakufa kwa aibu. Nimemwomba Mungu aniamshe jicho likiwa wazi. Ujinga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda hospitali peke yangu. Nilisimama langoni mpaka mlinzi akaniuliza ninauza nini.

Daktari alibonyeza juu ya nyusi. Akauliza nilibeba nini. Nikachora alama ya kamba kwa kidole juu ya paji la uso, sikio hadi sikio. Muuguzi akajishika kichwa.

"Kumbe tulisahau kamba! Na sisi wenyewe banande, bamama betu bote banabeba na kamba!"

Uzi umekatika. Wameondoa vipande, wameosha usaha. Uzi mpya hauwezekani penye usaha. Vidonge siku saba, kuosha asubuhi na jioni. Atanishona akirudi. Lini? Hajui.

Nimelia njia nzima. Daktari alisema nisilie, machozi yanalowesha bandeji. Nimelia tu.

Jumapili, 10 Agosti

Joto limepungua. Usaha hakuna. Jicho limefunikwa nusu, kama zamani.

Shangazi amerudi Kipese asubuhi. Kabla ya kupanda gari alinishika mashavu, akamtukana daktari yule asiyejua kushona, kisha akasali rozari nzima kwa ajili ya jicho langu, amesimama. Viazi vyake tumekula mchana. Vitamu.

Wewe uliyefungua daftari hili, umeshajua. Usimwambie shangazi kwamba ni ile kamba. Ana mimi tu wa kumwita binti yake.