Ndege ya Vanishi na Chumba cha Uani

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumatano, tarehe 14, kabla jua halijawa kali.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa na meno kumi na saba, yote yangu. Nimewazika kaka zetu wawili, mwalimu aliyenifunza kushika randa, mabosi watatu, na yule daktari aliyenikataza kunyanyua vitu vizito eti sitafika sitini. Jeneza lake nililitengeneza mimi, la mbao ngumu, na nikalinyanyua upande wa kichwani. Nakutajia haya mapema ili ujue barua hii imetoka kwa mtu mwenye akili zake zote.

Hujambo lakini? Goti lako limekubali kukunja au bado unasali umekaa kwenye kiti? Shemeji naye, kile kikohozi kimemwacha? Mwambie bado ananidai mchezo mmoja wa bao na hatanishinda. Sisi huku ni wazima. Mimi nalala vizuri, nakula vizuri, na miwani naivaa kwa kusoma tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu, maana unajua kalamu na mimi hatuelewani. Binti yangu mkubwa amekuandikia. Alinunua bahasha mbili, moja ikabaki mezani, na ndiyo hii. Najua alichokwambia wewe, shangazi yake. Baba kazeeka, baba anachezea ndege, baba hataki kutoa chumba. Mengine ni kweli. Lakini hakukueleza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kuna mambo hata yeye hayajui.

Ilianzia dukani kwa Waya. Huyu Waya ni fundi redio wa mtaa wetu, jina lake halisi tumelisahau, nadhani na yeye pia. Mteja alimletea ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, bawa limevunjika. Waya mambo ya umeme anayajua, mbao hajui. Akaniletea. Kuunga bawa ni kazi ya dakika kumi, lakini nilipolishika nikaona jambo. Upande wa juu limetuna, upande wa chini limenyooka. Mimi nimepiga randa miaka hamsini na sita, na najua hakuna anayejisumbua kuipa mbao tumbo bila sababu. Nikamuuliza Waya sababu. Akasema, "Ndivyo zilivyo, mzee." Hilo ni jibu la mtu asiyejua.

Nikaenda kuuliza kwa mwalimu wa sayansi anayekaa jirani. Akanipa ukanda wa karatasi, akaniambia niushike chini ya mdomo nipulize juu yake. Nikapuliza juu, karatasi ikainuka. Ikainuka, mdogo wangu, wala sikupuliza chini. Kata huo ukingo mweupe wa barua hii ujaribu mwenyewe. Mimi nilipuliza wiki nzima, mpaka kinyozi akaniuliza kama nimeajiriwa kwenye bendi.

Basi nikasema nitaunda yangu. Nilimtengenezea Waya kabati la vioo, yeye akaniagizia mota, betri, rimoti na vile vimota vidogo vinavyovuta usukani wa mkiani. Mbao nilizitoa kwenye makasha ya matunda, ni nyepesi kama biskuti. Mabawa mita moja na robo toka ncha hadi ncha, kila kiungo ulimi na tundu, hakuna msumari hata mmoja. Muulize seremala yeyote huko kwenu kama anaweza kuchonga ulimi wa milimita tatu. Atabadilisha mazungumzo.

Mota yenyewe ilinifundisha adabu kidogo. Ina waya tatu. Tulipoiwasha, pangaboi la puani lilizunguka, lakini upepo ukanijia usoni badala ya kwenda mkiani. Waya akasema tubadilishane waya mbili. Zipi? Akasema zozote. Mimi neno "zozote" silipendi. Nikabadilisha ya kwanza na ya pili, ikageuka. Nikarudisha, nikabadilisha ya pili na ya tatu, ikageuka pia. Ya kwanza na ya tatu, vilevile. Hadi leo namuuliza inakuwaje, naye ananiambia nimeshamchosha.

Betri nayo ina tabia zake. Ni laini kama kipande cha sabuni na ina nguvu za ajabu, lakini ukiizidishia chaji inavimba, na ikikasirika inawaka moto. Kwa hiyo naichaji nje uani, ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, nami nimekaa pembeni naitazama. Binti yangu akawaambia wateja wake kwamba baba anapika betri.

Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Unakijua kile chumba cha uani, karakana yangu. Binti yangu anashona, na kazi imemzidi. Vyerehani viwili viko sebuleni, vitambaa viko juu ya vitanda, wateja wanajipimia nguo jikoni karibu na masufuria. Anakitaka chumba, na sikatai kwamba ana haja nacho. Lakini mtu akinitoa mimi kwenye benchi langu, nitakaa wapi? Nitakaa barazani nihesabu wapita njia, kama wale wazee wengine ambao wamenishinda kitu kimoja tu, kupiga miayo.

Tukabishana mwezi mzima. Mwishowe akasema, "Baba, tusizungushane. Hiyo ndege yako irushe. Nakupa mara tatu. Ikizunguka uwanja wa mpira maduara matatu na kurudi chini nzima, chumba ni chako mpaka utakapokichoka mwenyewe. Ikishindikana, vyerehani vinaingia Jumatatu."

Nikamwambia mara moja inatosha. Akasema, "Zichukue tu zote tatu, utazihitaji."

Sasa hapa nitakiri kosa, na nakiri kwako peke yako. Ndege ilipokamilika ilikuwa nzuri mno. Mimi kitu kizuri sijawahi kukiacha kikavu. Nikaipaka vanishi. Mkono wa kwanza, nikapiga msasa, mkono wa pili, msasa, hadi mikono mitano. Mkia ndio niliupenda zaidi, nikauongezea wa sita. Uling'aa hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Waya alipoiona aliuinua mkia kwa kidole, akaushusha, nikadhani ni wivu.

Akaniambia niiweke juu ya vidole viwili chini ya mabawa, nione inalala wapi. Mkia ukaanguka. Akasema nifunge puani kipande cha madini ya risasi, yale mazito, ili ilingane. Nikamuuliza, "Wewe ukishonewa suti na binti yangu utatia mawe mfukoni ili ikae vizuri?" Akasema, "Haya, mzee. Twende uwanjani."

Mara ya kwanza ilipanda wima, ikasimama kwa mkia kama inasikiliza kitu, halafu ikarudi kwa matako. Mkia ulipasuka. Binti yangu alikuwa nyumbani kwenye cherehani, lakini mlinzi wa uwanja alimfikishia habari kabla sijafika nyumbani.

Nikauunga mkia, kisha nikachukua mizani ya unga ya binti yangu nikaipima ndege. Kilo moja na gramu mia nne. Ndipo nikapata wazo. Nikaisimamisha kwa mkia juu ya mizani, pua juu, nikawasha mota taratibu huku nimeikinga kwa mikono isianguke. Mshale ukashuka mpaka mia saba na hamsini. Unga uliokuwa mezani ulihamia kwenye nywele za binti yangu na mteja mmoja aliyekuja kupimwa kiuno, lakini hesabu nilikuwa nimeipata. Mota inabeba gramu mia sita na hamsini tu. Sasa hiyo nyingine mia saba na hamsini, nani ataibeba?

Swali hilo nilitembea nalo siku mbili. Nililiuliza kwa Waya, kwa kinyozi, hata kwa mteja wa kiuno. Jibu lilikuwa kwenye ule ukanda wa karatasi. Mota kazi yake ni kuvuta tu, mabawa ndiyo yanayobeba. Na mimi nilikuwa nimeyabebesha vanishi ambayo haina kazi yoyote angani, kwa sababu huko juu hakuna anayekuja kuipapasa.

Nikaitoa. Siku tatu za msasa, mdogo wangu. Seremala kuifuta vanishi yake mwenyewe ni sawa na wewe kumwaga uji ulioukoroga vizuri. Nilipomaliza ilikuwa mbaya kama kuku aliyenyonyolewa, na ilikuwa na kilo moja na gramu mia moja sitini. Nikaiweka vidoleni, ikalala sawa.

Mara ya pili iliruka. Andika hilo mahali, iliruka. Ilikwenda duara moja zima, laini. Lakini ilipogeuka kunielekea, nikataka iende kulia, nikasukuma kulia, ikaenda kushoto. Nikazidi kusukuma, ikazidi kwenda. Ikapiga mlingoti wa goli. Waya akaniambia ikija kwako kila kitu kinageuka, kulia kwake ni kushoto kwako. Nikamjibu nimeelewa. Kuelewa nilielewa, vidole ndivyo vilivyokataa. Vimezoea kwamba kulia ni kulia tangu kabla Waya hajazaliwa.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi iliyopita, saa kumi jioni. Binti yangu alikuja mwenyewe kushuhudia, tepu ya kupimia ingali shingoni. Akasimama pembeni yangu, wala hakunitania. Afadhali angenitania.

Nikairusha. Duara la kwanza, safi. La pili, safi zaidi, hata mlinzi aliacha kufagia. La tatu nikaipeleka mbali ili izunguke kwa heshima, ikageuka, ikaanza kunijia, jua likiwa nyuma yake. Nikajiambia, kulia ni kushoto. Kisha nikajiuliza, au nimekwisha kuigeuza, sasa kulia ni kulia? Nikasimama na swali hilo. Vidole navyo vikasimama. Ndege ikaanza kuinama upande mmoja.

Sijui kama nilimpa binti yangu rimoti au aliichukua mwenyewe. Ninachojua ni kwamba ilikuwa mikononi mwake, na Waya alikuwa anapiga kelele, "Kulia kidogo, dada, kulia kwa ndege, iache, iache yenyewe." Akagusa mara moja tu, upande uliotakiwa, ikanyooka. Akaizungusha duara lililobaki. Waya akamwambia azime mota, akazima, ikashuka yenyewe kama mtu anayekaa kwenye kiti cha ugenini, ikateleza kwenye nyasi, ikasimama. Nzima. Hata pangaboi halikupata mkwaruzo.

Nikamuuliza alijuaje. Hajawahi kushika kitu kile maishani mwake. Akasema, "Baba, mimi nguo naishona kwa ndani. Mkono wa kulia wa mteja huwa kushoto kwangu siku nzima." Nimekaa na binti huyu miaka arobaini na minne na nilikuwa sijawahi kujiuliza namna anavyofanya kazi yake.

Nisije nikapitiliza sifa. Mabawa niliyainua kidogo nchani nilipoyaunga, na ndege yenye mabawa ya namna hiyo hujiweka sawa ukiiachia. Kwa hiyo na mimi nilikuwemo kwenye kuishusha.

Njiani tuliibeba wawili, yeye kashika mkia, mimi mabawa. Akasema, "Maduara matatu, na imerudi nzima. Chumba ni chako." Nikasubiri aongeze neno juu ya nani aliyeirudisha. Hakuongeza, si siku ile, si Jumapili.

Basi Jumatatu alipokwenda kununua nyuzi, nikachukua msumeno nikalikata benchi langu. Lilikuwa futi tisa, sasa ni nne na nusu. Lilikuwa refu bila sababu, nimekuwa nikiliona hivyo muda mrefu. Miguu ya nusu ya pili nimeipandisha inchi mbili ili cherehani kikae kwa urefu wa viwiko vyake, maana anakunja mgongo vibaya anaposhona. Vyerehani viko dirishani, mimi niko upande wa mlango. Anasema randa yangu inatia vumbi kwenye vitambaa, nami nasema mashine zake zinanitikisia gundi kabla haijakauka. Sasa naunda ndege ya pili, ambayo mabawa yake nataka yafunikwe kwa kitambaa cha bitana badala ya mbao, nione uzito utashuka kwa kiasi gani. Kitambaa amekataa kunipa. Anasema ni cha mteja. Lakini nimemwona akipima vipande vilivyobaki.

Nisalimie shemeji, na mwanao mwenye duka la vipuri, na mkwe wako aliyenitumia soksi, na yule mjukuu anayeuliza sana, mwambie aendelee. Mungu akulainishie goti lako na akuweke mpaka nikuone, maana mimi naenda popote pale nikiitwa vizuri.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, fundi wa mbao na sasa wa anga.

Wa kuyathibitisha haya: Waya fundi redio, kwa mambo yote ya mota na uzito. Mlinzi wa uwanja, kwa yale maduara, aliyahesabu kwa sauti. Kwa lile la rimoti, kama niliitoa au ilichukuliwa, usiwaulize hao, wote walikuwa wanatazama juu. Muulize binti yangu. Yeye peke yake alikuwa ananitazama mimi.