Mlango wa Uani Hatujaufunga

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Karakana ya Baiskeli,
S.L.P. 212.
Jumanne, tarehe 4 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, pamoja na wajukuu zangu wawili ninaowajua kwa picha tu. Kile kikohozi ulichomwandikia dada yako mwaka juzi kilikwisha? Funika kifua, baridi haina undugu na mtu.

Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa miaka sabini na minane. Macho yanaona kwa miwani, magoti yanalia kama bawaba zisizotiwa mafuta, na mkono bado unaandika ndani ya mstari, kama unavyoona. Simu za dada yako hupokei, na barua zangu tatu hukuzijibu. Hii nimempa shemeji yake muuguzi wetu, anayesafiri Ijumaa kuja huko huko uliko. Akikufikia, mkaribishe kiti na maji ya kunywa, kisha usome mpaka mwisho. Ni hilo tu ninalokuamuru. Mengine yote ni maombi.

Mama yako anatuponyoka. Alianza kwa kusahau majina, akaja akasahau vyumba. Dada yako, aliyemzaa mwenyewe, sasa humwita "yule fundi", kwa sababu ya cherehani, na humshukuru kwa adabu kama mteja. Chakula hupokea vijiko viwili au vitatu, kisha hufumba mdomo. Muuguzi amejaribu supu, amejaribu maziwa, amejaribu kumbembeleza. Wiki iliyopita daktari alituita mimi na dada yako pembeni, akatuambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi.

Kuna swali moja tu lililobaki kinywani mwake. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni hukaa wima kitini akauliza, "Mtoto ameshamaliza?" Tukimuuliza ni mtoto gani, hutukazia macho kana kwamba sisi ndio tuliopotewa na akili. Saa hiyo, kama hujaisahau, ndiyo iliyokuwa saa ya "Mlango wa Uani".

Najua kwamba hutaki kulisikia jina hilo. Nivumilie, maana bila hilo siwezi kukueleza neno.

Niliisahihisha lugha ya mchezo ule wa televisheni tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na sijapata kuona kitu kilichonyamazisha mji kama ule. Kinyozi wa mtaani petu aliwahi kumwacha mteja nusu kichwa, akaenda kusimama dirishani kwa fundi redio, na mteja akamfuata na shuka lake shingoni. Watu waligombana na wake zao mpaka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tisa, wakaahirisha, wakaendelea saa moja. Wote walingoja jambo lile lile: mlango wa mbao ufunguke, nawe uingie, mtoto wa miaka saba, mfupi hata ukaitwa Kigoda, umepakwa tope tangu utosini, useme, "Mama, nimerudi, wala sijachafuka." Dada Mkubwa wa mchezo alishika kiuno. Kaka wa kati, yule mwenye sababu ya kila kosa, alianza kukutetea kabla hujashtakiwa.

Mimi nilikaa kando ya kamera na kalamu yangu nyekundu. Mlipokosea niliwarudisha mwanzo, mara nane, mara kumi, mpaka Dada Mkubwa akalia. Leo yeye ni mfamasia. Nikienda kuchukua dawa zangu hunisomea maelekezo polepole, kisha huniuliza kama ametamka sawasawa. Ananitania, na nimestahili.

Wewe ulipokua, jina lile lilikataa kukua nawe. Shuleni Kigoda, sokoni Kigoda, hata kazini kwako, na ndevu zako, Kigoda. Na siku tuliyomzika baba yako, mtu mzima mwenye akili zake alikushika mkono kando ya kaburi, akakuomba umsemee lile neno la mchezo. Ulinigeukia mimi. Nami nilikuambia, "Sema tu yaishe, watu wanakupenda."

Hukusema. Ulifungasha siku ile ile, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nimefundisha watu maana ya maneno maisha yangu yote, na siku ile sikujua uzito wa maneno yangu mwenyewe. Niwie radhi. Ilinipasa kuandika sentensi hii zamani.

Sasa nikueleze tulivyokosea mara ya pili. Dada yako na mimi tuliamini kwamba mama yako anataka kukuona kwenye televisheni, kama zamani. Nikaenda kituoni kuomba kanda za mchezo. Ghala lao liko chini ya ngazi, lina unyevu na harufu ya karatasi iliyooza, na mlinzi wake ni fundi mitambo wa zamani, yule aliyekuwa akikupa betri zilizokwisha uzichezee. Alitafuta siku mbili, akanitolea kanda sitini. Ubavuni mwa kila kanda paliandikwa "Mlango wa Uani", kisha maneno hayo yakakatwa kwa mstari ulionyooka wa rula. Chini yake, kwa mwandiko ninaoufahamu kuliko sura yangu, paliandikwa "Lugha Sanifu, somo la kwanza", na kuendelea hivyo mpaka somo la sitini.

Fundi alinitolea na fomu. "Mwalimu," akaniuliza taratibu, "saini hii ni ya nani?"

Ni yangu. Kanda zilikuwa adimu siku zile, na kituo kilikuwa na desturi ya kufuta michezo iliyokwisha ili warekodi mipya juu yake. Waliniuliza kama mchezo ule unafaa kuhifadhiwa. Niliandika kwamba ni vichekesho vya watoto, kwamba lugha yake ni ya mitaani, na kwamba kanda zitatumika vizuri zaidi kwa masomo yangu ya lugha. Masomo yangu yote yapo, mpwa wangu. Yako safi kabisa. Fundi anasema kwamba tangu ashike funguo za ghala, hakuna mtu aliyekuja kuyaomba.

Kilichosalia cha mchezo ni mikia. Somo langu lilikuwa fupi kuliko mchezo kwa dakika moja, kwa hiyo katika kila kanda, nikishafunga kitabu na kuaga, picha huruka, nanyi mnaonekana kwa dakika ile ya mwisho. Mnatoka kwa mlango ule ule. Anatangulia Dada Mkubwa, anafuata Kaka wa kati, na wewe mwisho, umepakaa jemu, au rangi, au masizi. Mlango unafungwa mgongoni kwako. Mara sitini unatoka. Hakuna hata kanda moja unayoingia.

Fundi alituletea mashine yake nyumbani, kaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Tuliyakimbiza masomo, tukamwekea mama yako ile mikia. Alitazama bila kupepesa. Mlango ulipofungwa kwenye kioo, yeye ambaye huinuliwa na watu wawili aliinuka peke yake. Alichukua taulo kwenye kamba, akaenda kwenye mlango wetu wa uani, akasimama akiuelekea. Alisimama mpaka miguu ikaanza kutetemeka. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu alianguka, akateguka kifundo cha mkono.

Tuliirudisha mashine, lakini dawa tuliyompa ilikuwa imekwisha kumdhuru. Sasa kila jioni, ikifika saa moja kasoro dakika tano, huenda mlangoni na taulo lake. Dada yako humwekea kiti, naye hukisogeza kando. Haketi wala hali.

Nilidhani anangoja lile neno. Alhamisi iliyopita, Mungu anisamehe, niliizunguka nyumba kwa nje, nikagonga mlango wa uani, nikaingia na upara wangu, nikasema kwa sauti nyembamba kwamba nimerudi, wala sijachafuka. Dada yako aliziba mdomo kwa nguo aliyokuwa akiipinda. Sijui kama alikuwa akicheka au akilia.

Mama yako aliliteremsha taulo. Kisha akaniita kaka. Hakuwa ameniita hivyo kwa miezi minane.

"Kaka, hayo ni maneno ya kule mbele, kwa watu," akasema. "Mimi namngoja mtoto atoke nimpanguse. Tope likikauka linamwasha."

Nilitafuta kiti nikaketi.

Miaka ile yote, mpwa wangu, mimi nilikuwa kule mbele, pamoja na mji mzima. Sikuwahi hata siku moja kupita nyuma ya ule mlango wa mbao. Nilijua tu, kama mtu anavyojua jambo lisilomhusu, kwamba dada yangu yuko huko na beseni. Dada yako ndiye aliyenieleza. Nyuma ya mlango palikuwa na nafasi ndogo, si pana kuliko kabati. Mama yako alikaa humo gizani, akakukorogea tope la unga na kakao, kwa sababu udongo wenyewe ulikutoa vipele. Alikupaka, akakusukuma kwenye taa, akangoja mchezo mzima bila kuona kitu, taulo mkononi. Alisikia watu wakikucheka, asijue wanacheka nini. Mlango ulipofunguliwa tena, ukatoka, wewe ulikuwa wake.

Sisi wa mbele tuliona unaondoka. Yeye alikuwa anakupokea. Ile miisho sitini niliyoibakiza kwa bahati tu, bila hisani yangu, kwake ni mara sitini za wewe kurudi. Swali lake la kila jioni lilikuwa wazi kabisa. Sisi ndio hatukuwa tukisikia.

Basi sikuombi useme lile neno. Nalikataza, tena mbele ya yeyote. Ninachokuomba ni kuja.

Mpwa wangu, njoo. Sina maneno mazuri ya kupamba hapa, na nimeyatafuta. Nauli nimeiweka ndani ya bahasha ya pili. Usiniandikie kuhusu hiyo. Bosi wako akikunyima ruhusa, msomee barua ya daktari niliyoiambatisha. Mfamasia atakupokea uwanja wa ndege kwa gari lake, na amenilia kiapo kwamba atakuita kwa jina alilokupa baba yako. Majirani hawataambiwa. Nimewaza na kinyozi nitamfanyaje, maana bado yu hai, na mdomo wake haujazeeka. Ukishafika, nitakwenda kunyolewa ndevu saa ile ya jioni, kesho yake na keshokutwa yake, ili asitoke dukani.

Ukifika, usipite mlango wa mbele. Zunguka nyumba. Dada yako atakuwa na beseni la unga na kakao nje, chini ya dirisha la jikoni. Ukiniruhusu, nitakupaka mimi mwenyewe. Sikuwahi kulifanya hilo, na ningependa kulijua kabla sijafa. Kisha sukuma mlango uingie, umsogelee. Usiseme chochote. Kama utasema, sema utakavyo na ukosee utakavyo, sitakusahihisha.

Huenda asiitambue sauti yako nzito, wala mvi, kama zimeanza. Lakini mkono wake umeipangusa sura hiyo mamia ya mara gizani. Nauamini mkono ule kuliko kumbukumbu zetu sote.

Kama huwezi kuja, sitakulaumu. Sina uso wa kumlaumu mtu. Ila mpigie dada yako simu, useme huji, ili nijue nimwambie nini dada yangu ikifika saa ile. Kunyamaza kwako ndiko nisikokuweza. Kila jioni namwona akisimama pale na taulo.

Dada yako anakusalimu. Amekushonea shati kwa kukisia, akasema kama umenenepa ni shauri yako. Shangazi yako Mkimya anakusalimu, na kwa jinsi unavyomjua, hilo ni jambo kubwa. Fundi mitambo anauliza kama bado unapenda betri. Mfamasia amesema nisiandike salamu zake, atakupa mwenyewe. Wape wajukuu zangu mkono, na umwambie mkeo kwamba namwomba radhi kwa kumwomba mume wake kwa ghafla hivi.

Mungu akufungulie njia, akutangulie barabarani, na akufikishe wakati taulo lile bado lina mtu wa kulishika.

Nilikusudia kuishia hapo, lakini sasa ni saa kumi na mbili na nusu, naye amekaa wima. Ameuliza kama mtoto ameshamaliza. Nimemjibu, "Bado kidogo, dada." Leo, kwa mara ya kwanza, ameitikia kwa kichwa, akalikunja taulo lake, akaliweka magotini.

Ni mimi nikupendaye, ingawa nimechelewa kuandika hivyo,

Mjomba wako.